Jengo la Wanawake Linalotunzwa na Wenyewe

Vikundi vingi vya wanawake katika kata yetu havina mahali pao pa kukutania. Vikundi vya kuweka na kukopa, vya mama lishe, vya washonaji na vya wauza mboga hufanya vikao vyao barazani kwa mwanachama mmoja, uani kwa mwingine, au kwenye kibanda cha chakula baada ya wateja kuondoka. Mvua ikinyesha, kikao huvunjika. Daftari na sanduku la fedha hulala nyumbani kwa mtu, na siku anaposafiri au anapougua kazi ya kikundi husimama. Ndiyo maana kikundi kinapopata nguvu kidogo, wazo la kwanza huwa ni kupata jengo.

Tena wakazi wengi wa Jangwani tuna vijiji tulikotoka. Tunachangia madarasa, zahanati na kumbi huko mikoani, na mara nyingi tunaulizwa na ndugu zetu ni jengo la namna gani liwafae kina mama. Makala haya yanaeleza jinsi jengo la kijamii la wanawake linavyobuniwa kwa malighafi za karibu, kwa mifano halisi kutoka Rwanda, Moshi na Senegal, kisha yanaangalia ni mafunzo yapi yanafaa kuchukuliwa hapa bondeni na yapi hayafai.

Maana ya jengo endelevu

Neno "endelevu" limetumika sana hata likapoteza uzito. Katika ujenzi wa jamii lina maana nyepesi kueleweka: jengo endelevu ni lile ambalo watumiaji wake wanaweza kuligharamia, kulitumia kila siku na kulitengeneza linapoharibika, kwa fedha, mikono na malighafi zilizo karibu nao, bila kuharibu ardhi na maji wanayoyategemea. Jengo lenye sura nzuri siku ya uzinduzi, lakini ambalo paa lake likivuja lazima aitwe fundi kutoka mbali na kifaa kiagizwe kutoka nje, halijafikia kipimo hicho.

Kwa hiyo kabla ya mchoro wowote kuna maswali matatu. La kwanza: nani atalitumia jengo hili, saa ngapi na kwa kazi gani? La pili: malighafi itatoka wapi, na ni nani hapa anayeijua? La tatu: maji yataingia kwa njia gani na yatatoka kwa njia gani? Yaliyobaki hufuata majibu ya maswali hayo.

Kayonza: matofali yaliyofyatuliwa na wanawake wenyewe

Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki uko Kayonza, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 2013 palifunguliwa kituo cha wanawake wa vijijini, kilichoanzishwa na shirika la Women for Women International na kubuniwa na ofisi ya mbunifu majengo Sharon Davis ya New York. Kituo hicho hakikujengwa kama ghorofa moja kubwa. Ni mkusanyiko wa mabanda 17 ya kimo cha kawaida, mengi yakiwa ya mviringo, yanayoweza kuhudumia hadi wanawake 300. Mpangilio wake unafuata mazoea ya kijiji cha Rwanda, na umbo la mabanda linakumbusha nyumba za jadi za matete zilizosukwa katika makazi ya mfalme kusini mwa nchi hiyo.

Katikati ya eneo yapo madarasa, mahali penye utulivu na faragha. Kadiri mtu anavyotoka nje, ndivyo nafasi zinavyozidi kuwa za hadhara: mahali pa mikutano, kisha soko ambamo wanawake huuza mazao na bidhaa zao kwa wapita njia. Mpangilio huo una sababu. Wanawake wengi waliolengwa walikuwa wamepoteza jamaa na makazi katika vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Walihitaji mahali pa kujifunza bila kutazamwa, na walihitaji vilevile mlango wa kuingilia katika biashara. Jengo liliwapa vyote viwili kwa kupanga tu kipi kiwe ndani na kipi kiwe nje.

Jambo la pili ni matofali. Kuta za Kayonza zimejengwa kwa matofali ya udongo yapatayo 450,000, na yaliyafyatuliwa na wanawake wenyewe papo hapo kwenye eneo la ujenzi, kwa mashine za kusukuma kwa mkono. Njia hiyo ilitokana na ufyatuaji uliokuwa ukitumika tayari katika eneo lile, ukaboreshwa ili tofali liwe gumu zaidi. Matofali hayo yalipangwa kwa kuachiana nafasi, hata kuta zikawa na matundu yanayopitisha upepo na kuzuia jua kali, na madarasa yakapoa bila feni. Paa za bati zimeinuliwa juu ya kuta ili hewa ya moto itoke, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake hukusanywa kwa matumizi. Vyoo vinageuza taka kuwa mbolea.

Faida ya wanawake kufyatua matofali haikuwa ujira peke yake. Mtu aliyefyatua matofali ya jengo anajua udongo ulichimbwa wapi, ulichanganywa vipi na tofali lipi ni bovu. Ukuta ukipasuka baada ya miaka kumi, yupo anayejua la kufanya, na ufundi alioupata hapo anaweza kuutumia kwingine.

Moshi na Rufisque: ukumbi, ua na vyuma vilivyotupwa

Hapa Tanzania, mjini Moshi, shirika la KWIECO lililoanzishwa mwaka 1987 hutoa msaada wa kisheria na ushauri kwa wanawake wa mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 2015 lilipata nyumba ya hifadhi kwa wanawake na watoto waliokimbia ukatili wa nyumbani. Wabunifu wake ni wanawake watatu wa Finland, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman, ambao mwaka 2007 walianzisha asasi ya kuwabunia majengo watu wasioweza kumlipa mbunifu. Asasi hiyo waliipa jina la Kiswahili: Ukumbi.

Jina hilo linafaa. Nyumba ya hifadhi ina hitaji gumu kutimizwa kwa mchoro: mkazi awe salama kwa yule anayemtafuta, lakini asijione kama mfungwa. Jawabu la kale la watu wa pwani na la watu wengi wa Afrika ni ua. Kuta zinazoelekea nje hufungwa, na maisha hugeukia ndani, mahali penye anga, kivuli na watoto wanaocheza mbele ya macho ya mama zao.

Wabunifu hao hao walikuwa wamefanya kazi nyingine kabla ya hapo, katika mji wa Rufisque nchini Senegal, ambako kituo cha wanawake kilikamilika mwaka 2001. Rufisque ni mji wenye msongamano, hivyo unafanana na kata yetu kuliko Kayonza. Hapo palikosekana udongo mzuri wa kuchimba na miti ya kukata, lakini taka za mji zilikuwapo kwa wingi. Rimu za magari yaliyochakaa zikatiwa katika kuta ziwe matundu ya hewa. Chupa kuukuu zikatumiwa mahali pa vioo vya madirisha. Tofali za zege zilimiminwa palepale kwenye eneo la ujenzi.

Kwa mkazi wa Jangwani hili ni funzo kubwa. "Malighafi ya karibu" haina maana ya udongo na makuti kila mahali. Kijijini, cha karibu ni udongo, mawe, mianzi na nyasi. Hapa kwetu, cha karibu ni chuma chakavu, mbao zilizokwishatumika, chupa, na zaidi ya yote mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, ambao wanaweza kutengeneza geti, kenchi ya chuma au fremu ya dirisha kwa kipimo utakacho, na kuirekebisha siku inapoharibika.

Mafunzo yaliyo mlangoni petu

Hatuhitaji kwenda mbali sana kutafuta ubunifu wa jengo linalofuata kazi za wanawake. Nyumba ya Kiswahili, ambayo mitaa ya Kariakoo na Ilala ilijaa kwayo, ni somo tosha. Mbele ina baraza, mahali pa mazungumzo na biashara ndogo. Katikati unapita ukumbi mrefu wenye vyumba kulia na kushoto, nao huvuta upepo kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Nyuma kuna uani: jiko, stoo, bafu, choo, na nafasi ya wazi ya kufulia, kupepeta, kukaanga na kulea. Nyumba hizo zilijengwa kwa miti, udongo na makuti kabla ya bati na saruji kuenea.

Atakayebuni jengo la wanawake katika kata hii angefanya vyema kuanzia uani na kuja mbele. Maana uani ndipo kazi nyingi za wanawake zinapofanyika, na ndipo panaposahauliwa. Kumbi nyingi zina jukwaa na viti vya wageni rasmi, lakini hazina mahali pa moshi kutokea, bomba la kuoshea vyombo, kabati la kufungia daftari, wala kona ya kumlaza mtoto. Ukumbi wa namna hiyo hutumika kwa harusi na mikutano ya siku chache katika mwaka, na siku nyingine hufungwa kwa kufuli.

Historia ya mji huu inatukumbusha pia kwamba mahali pa wanawake kukutana ni jambo zito. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu huko ndiko wanawake walikokuwa tayari na utaratibu wa kukutana, kuchangishana na kuaminiana. Jengo haliumbi umoja wa namna hiyo. Linaweza kuutunza pale ulipo.

Soko la Kariakoo nalo lina la kufundisha. Lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufungua ofisi ya ubunifu majengo, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lina umbo la miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Miavuli hiyo hutoa kivuli kama miti ya sokoni, hupitisha mwanga na hewa katikati yake, na hupokea maji ya mvua na kuyateremsha. Zege na saruji si malighafi za jadi, lakini wazo lilitoka katika hali ya hewa ya hapa na desturi ya kuuziana chini ya mti. Na moto uliounguza soko hilo Julai 2021 ulikumbusha kila mtu upande mwingine wa ubunifu: njia za kutokea, nyaya za umeme zilizowekwa na fundi mwenye leseni, na nafasi ya gari la zimamoto kupita ni sehemu za jengo sawa na kuta zake.

Kuchagua malighafi kwa akili

Malighafi ya jadi si lazima iwe njema kwa mazingira, na ya kisasa si lazima iwe mbaya. Kila moja ipimwe.

*Tofali la udongo la kuchoma* ni imara, lakini tanuru lake hula kuni nyingi. Mahali ambapo misitu imepungua, tofali hilo huharibu zaidi ya linachojenga.

*Tofali la udongo na saruji la kufungamana* halichomwi. Hushindiliwa kwa mashine ya mkono, aina iliyotokana na mashine iliyobuniwa nchini Colombia katika miaka ya 1950. Hapa nchini, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi ulilieneza kwa miaka mingi. Kwa kuwa tofali hufungamana na lenzake, chokaa ya saruji ya kujengea hupungua sana. Udongo wake unapaswa kuwa na mchanga mwingi kuliko mfinyanzi.

Kuupima si kazi ngumu. Jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha acha siku moja. Mchanga utalala chini na mfinyanzi utakaa juu, nawe utaona kipi kimezidi. Kipimo cha pili ni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimeta 60, na upana na kina cha sentimeta 4. Lijaze udongo uliolowanishwa na kushindiliwa, uukaushe, kisha pima umesinyaa kiasi gani kwa urefu. Ukisinyaa chini ya milimeta 15, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 18 za udongo hutosha. Ukikaribia milimeta 60, itahitajika sehemu 1 kwa 12. Ukizidi hapo, udongo huo haufai bila kuongezwa mchanga. Matofali yakishafyatuliwa hufunikwa na kumwagiwa maji kwa uchache wiki moja, na hayajengewi kabla hayajakomaa. Vikundi vingi hupata hasara hapa, kwa kuharakia kujenga.

Udongo mweusi wa mabondeni, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, haufai kwa tofali wala haubebi msingi wa kawaida. Anayejenga juu yake amwite mhandisi kwanza.

*Boriti za mikoko* zilijenga pwani yote, lakini mikoko leo ni hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Mikoko ndiyo inayozuia bahari isile pwani. Mbao zinunuliwe kwa wauzaji wenye stakabadhi halali.

*Makuti* hupoza nyumba kuliko bati, na ushonaji wake ni kazi inayowapatia wanawake wengi wa pwani kipato. Hata hivyo lazima yabadilishwe kila baada ya miaka michache, na hushika moto upesi. Yanafaa kijijini, penye nafasi kati ya nyumba na nyumba. Hayafai katikati ya Kariakoo.

*Bati* hudumu na hukusanya maji safi, ila huchoma mchana na hupiga kelele za mvua hata msemaji asisikike. Dawa yake ni dari ya mkeka, mianzi au mbao, yenye nafasi ya hewa kati ya dari na bati.

Jua, upepo na mvua

Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huja chini chini kutoka mashariki na magharibi, na ndilo linalopasha kuta moto. Kwa hiyo pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, na pande fupi zielekee mashariki na magharibi, zikiwa na madirisha machache. Paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha kutia madirisha kivuli na kuikinga plasta na mvua.

Upepo wetu una majira: kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Dirisha la upande mmoja tu halipozi chumba. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, na pa kutokea pawe juu zaidi. Tofali za matundu karibu na dari hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila gharama ya umeme, na mwizi hapiti.

Hesabu ya maji ya mvua kila mtu anaweza kuifanya. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la meta 10 kwa 12 lina meta za mraba 120. Mvua moja ya milimeta 30 huleta lita 3,600. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayopotea, zinabaki lita 2,880. Kwa mwaka wenye mvua ya milimeta 1,000, paa hilo moja linaweza kutoa lita 96,000. Maji ya mwanzo wa mvua yamwagwe kwa kuwa yamesafisha vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe lisizalishe mbu. Kwa kikundi cha mama lishe, maji hayo ya kuoshea vyombo na sakafu hupunguza ankara ya kila mwezi.

Maji ya bonde letu

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini karibu na daraja la Salenda, na njiani unapita kwetu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini na kuwaondoa wengi mabondeni. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo tumeona mara kadhaa Barabara ya Morogoro ikifungwa, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikiingiliwa na maji, na uwanja wa Kaunda ukigeuka bwawa. Serikali inatekeleza Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, wenye daraja jipya la Jangwani, ili kupunguza adha hiyo.

Kwa anayetaka kujenga, maana yake ni moja: eneo huchaguliwa kabla ya mchoro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja kinachouzwa kwa bei ya chini mno bondeni kina sababu yake, na fedha ya kikundi ikizikwa hapo hairudi.

Hata nje ya mpaka huo, jengo katika kata yetu linahitaji tahadhari zisizohitajika Kayonza wala Moshi. Sakafu iinuliwe kupita alama ya juu ya maji ambayo wazee wa mtaa wanaikumbuka. Soketi za umeme ziwe juu ya kimo cha kiuno. Ukuta wa chini uwe wa tofali za saruji au mawe, na udongo ulioshindiliwa uanzie juu. Kabati la daftari na sanduku la fedha liwe mahali pa juu kuliko pote. Nchini Pakistan, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2010, mbunifu majengo Yasmeen Lari aliinua kituo cha wanawake wa kijijini juu ya nguzo za mianzi, ili maji yakija yapite chini na watu pamoja na akiba zao wawe juu. Sisi hatuna haja ya kuiga mianzi yake, lakini wazo lake tunaweza kulichukua.

Kutoka wazo hadi kufuli la mlango

Kikundi kinachofikiria kujenga, hapa au kijijini, kifuate hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, wanachama waorodheshe kazi zao za wiki nzima: nani huja saa ngapi, na mtoto au bila mtoto, kwa shughuli gani. Orodha hiyo ndiyo mchoro wa kwanza. Chorea vyumba chini kwa chokaa au kamba, watu waingie humo, wakae, wapike kwa kuigiza. Wengi hugundua papo hapo kwamba jiko ni dogo na ukumbi ni mkubwa mno.

Pili, wazo lifikishwe katika mkutano wa mtaa na kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ili lijadiliwe na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Umiliki wa kiwanja uwe wa maandishi na kwa jina la kikundi kilichosajiliwa. Jengo lililosimama katika kiwanja cha mtu huwa mali yake au ya warithi wake.

Tatu, mchoro uandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa, na kibali cha ujenzi kiombwe Halmashauri ya Jiji kabla ya kuchimba msingi. Anayeanza bila kibali hujenga mara mbili.

Nne, fedha. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya shughuli za kuzalisha kipato na lazima irejeshwe. Ukumbi mtupu haurejeshi mkopo. Jiko la pamoja, chumba cha cherehani au duka la mbele vinaweza kurejesha. Kwa hiyo kikundi kijue mapema ni sehemu ipi ya jengo itakayoingiza fedha, na kiijenge hiyo kwanza.

Tano, mfuko wa matengenezo uanze siku jengo linapofunguliwa. Kila mwezi kiasi kidogo kitengwe kwa ajili ya msumari, rangi, gata na bawaba. Wawili au watatu miongoni mwa wanachama wawe wamefundishwa na fundi, wakati wa ujenzi, namna ya kuziba ufa, kusafisha mfereji wa bati na kubadilisha tofali. Wasiwe watazamaji wa fundi. Wachanganye udongo naye.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotofautisha jengo linalodumu na gofu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa huzibwa upesi na yule aliye karibu nao, mwenye udongo wa namna ile ile na anayejua kuuchanganya. Kikundi kinachotaka kuanza kifike ofisi ya kata kikiwa na orodha ya wanachama na orodha ya kazi zao za wiki. Hizo mbili zinatosha kuanzisha mazungumzo.